Mzee wa Miaka 18: Cheo cha Mmisionari Kijana na Barua Zake za Krismasi

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza neno moja la Kiswahili, mzee, katika matumizi ambayo wasemaji wengi hawakuyazoea. Katika maandishi ya Kiswahili ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo watu wengi hulijua kwa jina la Wamormoni, cheo cha wamisionari wake wa kiume kimefasiriwa kuwa Mzee. Cheo hicho hakitazami umri. Kijana wa kanisa hilo aweza kuanza utume akiwa na miaka 18, na kabla ya mwaka 2012 umri huo ulikuwa miaka 19. Hutumikia miaka 2 mbali na kwao, na muda wote huo huitwa Mzee pamoja na jina la ukoo wake.

Swali letu ni hili: je, neno mzee laweza kuubeba mzigo huo bila ya kuvunjika? Ili kulijibu tutalipima mahali pamoja na wakati mmoja, yaani Kaloleni katika mji wa Voi, siku ya Krismasi. Kisha tutazitazama barua ambazo vijana wa namna hii huwaandikia wa kwao katika msimu huo, kwa kuwa humo ndimo cheo na hali halisi hukutana.

Neno na mfasiri

Kwanza tumtendee haki mfasiri. Katika Agano Jipya la Kiswahili wasimamizi wa makanisa ya mwanzo huitwa wazee, na makanisa mengi ya Afrika Mashariki yana wazee wa kanisa. Kwa hiyo, kulifanya neno hili kuwa cheo si jambo geni. Tofauti ni kwamba katika Kiingereza cheo kinacholingana na hicho kimekwisha kuachana na mvi kwa muda mrefu, bali katika Kiswahili mzee na umri wangali ndugu wa tumbo moja. Hata tunaposema mzee wa mtaa au mzee wa ukoo, twatarajia mtu aliyeona mengi, ambaye neno lake laweza kukomesha ugomvi.

Katika nchi ya Taita matarajio hayo yana kina zaidi. Grace Harris, katika kitabu chake Casting Out Anger cha mwaka 1978, ameeleza jinsi dini ya jadi ya Wataita ilivyokazia habari ya hasira iliyofichwa moyoni. Hasira ya mtu aliyekosewa iliaminika kuwa yaweza kuleta maradhi na mikosi. Katika tendo la kutasa, mhusika alitia kinywaji mdomoni, akakipuliza nje huku akitamka maneno ya kuitupa hasira yake na kuomba heri. Kwa mtazamo huo mkubwa wa watu hakuwa mwenye amri tu. Alipaswa kuusafisha moyo wake hadharani ili wengine wapate kuishi. Asiyejua uzito huu hajui alichopewa anapoitwa Mzee chini ya milima ya Sagalla.

Mzee na boi

Liko jambo jingine ambalo mhakiki hawezi kulinyamazia. Katika Kenya ya ukoloni mwanamume mzima, mwenye wake na wajukuu, aliweza kuitwa boi na mtoto wa bwana wake. Neno hilo lilimnyang'anya umri. Na hadi mwezi wa Juni 1978 kanisa tunalolizungumzia halikuwapa ukuhani wanaume weusi wenye asili ya Kiafrika. Kwa kuwa cheo hiki hutegemea ukuhani, mwanamume mweusi mwenye mvi hakuweza kukipata, hali kijana mweupe wa miaka 19 alikuwa nacho. Katazo hilo liliondolewa mwaka 1978. Kanisa likatambuliwa rasmi nchini Kenya mwaka 1991, na Kitabu cha Mormoni kizima kikatoka kwa Kiswahili mwaka 2000. Leo vijana wa Kiafrika nao huitwa Mzee katika utume huo. Lakini maneno hayasahau upesi kama watu. Msomaji wa Kiswahili anapomwona kijana mgeni akiitwa Mzee, nyuma ya neno hilo husikia pia lile la boi, na ana haki ya kuuliza nani amempa nani heshima hii.

Krismasi ya Kaloleni

Tuchukue mfano, si wa mtu fulani bali wa hali. Ni Desemba, joto la Voi ni kali, na mabasi ya Mombasa na Nairobi yanashusha watu wenye mizigo. Krismasi hapa ni sikukuu ya kurudi nyumbani. Wakati kila mwana wa mji anarudi kwao, mmisionari ndiye aliyetoka kwao. Hadi mwezi wa Februari 2019 kanuni za utume wake zilimruhusu kuzungumza na wazazi kwa simu mara 2 tu kwa mwaka, na mara moja kati ya hizo ilikuwa Krismasi. Kanuni hiyo sasa imelegezwa, lakini upweke wa siku hiyo haukufutwa na kanuni mpya.

Kijana huyu akikaribishwa katika ua wa Kaloleni, atapewa kiti chenye egemeo na kunawishwa mikono mapema, kisha ataletewa chapati na kuku. Watoto wataagizwa wamwamkie. Hayo yote yanakubaliana na cheo chake. Ndipo anaingia mwenye nyumba, mtu wa miaka 60. Nani amwambie mwenziwe shikamoo? Cheo chasema hivi, salamu yasema vile. Na mama wa nyumba, akiuona uso wa kijana ulivyojaa mawazo ya kwao, hatamwita Mzee, atamwita mwanangu.

Kiswahili chenyewe kimekwisha kuandaa suluhisho. Katika jamii nyingi zetu mtoto aliyepewa jina la babu yake huitwa babu au mzee na wazazi wake. Hakuna anayedanganyika kuwa mtoto huyo ana mvi. Anaitwa hivyo kwa sababu amebeba jina la mwingine, na waliompa ndio wanaomfundisha namna ya kulibeba. Kijana anayeitwa Mzee, naye akamwamkia mwenyeji wake shikamoo, amelielewa neno kuliko kamusi.

Barua

Je, barua za Krismasi zinalibeba hilo? Kwa kawaida utanzu huu una sura moja. Barua huanza kwa mshangao wa joto pasipo theluji, ikapita katika orodha ya vyakula, ikaweka maneno mawili matatu ya Kiswahili kama shanga shingoni, ikamalizia kwa sentensi ya kwamba watu hawa hawana kitu lakini wana furaha. Sentensi hiyo ndiyo kasoro kuu. Inamfanya mwenyeji kuwa mandhari. Haisemi kuku yule alikuwa wa mwisho au la, wala haisemi ni mtoto gani wa nyumba ile aliyekosa nauli ya kurudi.

Waliotangulia nao hawakuwa watakatifu wa kalamu. J. A. Wray, mmisionari wa Kianglikana aliyefika Sagalla mwaka 1883, alikuwa na majivuno ya zama zake. Hata hivyo mwaka 1894 alichapisha kitabu cha utangulizi wa lugha ya Kitaita. Kazi ya namna hiyo humlazimisha mgeni kunyamaza na kusikiliza, kwa kuwa sarufi haiandikwi na anayesema peke yake. Barua ya Krismasi haihitaji kuwa sarufi, lakini yahitaji sikio hilo hilo.

Hitimisho

Kwa maoni yetu, mfasiri hakukosea. Alichagua neno zito, na uzito wake ni faida iwapo mwenye kuitwa atajua kwamba ni la kuazima. Kilicho dhaifu ni maandishi yanayokitumia cheo bila ya kumtaja aliyekitia maana. Barua ya kweli kutoka Kaloleni ingemwambia mama aliye mbali jambo dogo: kwamba siku ya Krismasi mwanawe aliitwa Mzee na kanisa lake, akaitwa mwanangu na mama mwingine, na kwamba jina la pili ndilo lililomwezesha kulistahili la kwanza.