Kili Paul na kazi ya midomo

Ukikaa na vijana wanaotengeneza maudhui ya mtandaoni, habari ya Kili Paul, kijana wa Kimasai anayefuatisha nyimbo za Kihindi kwa mdomo, humalizwa kwa sentensi moja: alivaa shuka, Wahindi wakashangaa. Maelezo mepesi mno hayo. Wamasai wenye simu janja hawahesabiki, na waliojifunga shuka wakasimama mbele ya kamera kutafuta kiki nao si haba. Wengi wao leo hata majina hatuyakumbuki.

Tuitazame kazi yenyewe. Mwishoni mwa 2021 kijana huyu wa mkoa wa Pwani, pamoja na dada yake Neema, walitamba kwa klipu ya “Raataan Lambiyan”, wimbo wa filamu ya Shershaah iliyotoka Agosti mwaka huohuo. Kwa upande wa vifaa hakuna cha kutisha: simu imetulia, mwanga ni wa jua, nyuma vichaka. Hakuna maandishi yanayorukaruka wala picha kukatwakatwa. Jicho likifika pale halina pa kwenda isipokuwa usoni.

Na usoni ndiko kazi ilikofanyika. Anayefuatisha wimbo kwa mdomo hunaswa kwenye m, b na p, kwa sababu sauti hizo hazitamkiki bila midomo kukutana. Irabu unaweza kuzidanganyia. Fungua mdomo tu, mtu atakusamehe. Lakini ukichelewa kufunga kwenye m, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, mtazamaji ataona kuna kitu hakijakaa sawa, ingawa pengine hawezi kukuambia ni kipi. Zipunguze kasi klipu za Kili uangalie. Midomo inafunga palepale inapotakiwa, kifua kinavuta pumzi alipoivuta mwimbaji, na nyusi zinaanza kupanda kabla ya sauti kupanda. Hilo la nyusi ndilo linalowashinda waigaji. Mwimbaji hujiandaa kabla ya kupandisha sauti. Mwigaji husubiri aisikie kwanza, ndipo ashtuke.

Sasa jiulize nani alikuwa anatazama. Filamu za Kihindi zimejengwa juu ya fani hiyohiyo: kwa miongo mingi mwigizaji amekuwa akichezesha midomo huku sauti ikiwa ya mtu mwingine aliyerekodi studio. Lata Mangeshkar peke yake aliwaimbia waigizaji wa vizazi kadhaa. Mtazamaji wa Mumbai basi ni hakimu wa midomo tangu utotoni. (Na sisi tusijitoe: kuanzia majumba ya sinema ya Zanzibar na Dar es Salaam hadi kwenye mabanda ya video, watoto wa pwani wameziimba nyimbo za Kihindi mwanzo mwisho bila kujua maana ya hata neno moja.) Kilichomfikia hakimu huyo ni fani yake mwenyewe, imefanywa kwa ustadi na mtu ambaye hakumtarajia. Shuka lilifanya kidole kisite kwenye skrini. Midomo ndiyo iliyomfanya mtu airudie klipu, kisha amtumie shangazi yake.

Kuna suala la wakati pia, na naona wachambuzi wetu wanalipita haraka. Juni 2020 serikali ya India iliifungia TikTok, na siku chache baadaye Instagram ikapeleka Reels nchini humo. Umati mkubwa uliozoea video fupi ukawa unatafuta pa kwenda. Mtanzania aliyebaki TikTok peke yake angeimba Kihindi mpaka sauti imkauke, na Wahindi wasimwone. Kule Reels, ukigusa jina la wimbo chini ya video unaletewa klipu nyingine zilizotumia sauti hiyo. Kwa hiyo kijana wa Pwani anapochukua wimbo unaotamba India wiki hiyo, anaingia kwenye foleni moja na Wahindi wenyewe bila kulipia tangazo hata senti.

Halafu tazama kalenda yao. Katika Siku ya Jamhuri ya India, Januari 26, 2022, ndugu hawa walitoka na wimbo wa taifa wa nchi hiyo. Lata Mangeshkar alipofariki Februari 6, walimuenzi kwa kuuigiza wimbo wake. Mwezi huohuo ubalozi wa India jijini Dar es Salaam ukampa Kili heshima, na Februari 27 Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja wote wawili, kwa matukio hayohayo, katika kipindi chake cha redio cha Mann Ki Baat. Sioni bahati nasibu hapo. Naona watu waliojua hadhira yao inahuzunika lini na inasherehekea lini.

Udhaifu upo. Wimbo ni wa wengine, na haki zake ni za wengine, kwa hiyo hela inabidi itoke kwenye matangazo na mialiko. Na hadhira iliyo nchi nyingine si rahisi kuiuzia unga au bando la hapa.

Waigaji wake wa Dar nawafuatilia bado. Wengi wanachagua wimbo wanaoupenda wao, uliokwishapoa India miezi kadhaa iliyopita, wanaupost usiku wa manane kwa saa za kule, kisha wanalalamika kwamba Instagram imewabania.