Picha Huuzwa, Haki Hubaki

Tunapolijadili suala la kukuza utamaduni wa taifa, tumezoea kuwasifu wachoraji na wachongaji wetu kwa maneno mazuri. Lakini sifa peke yake haiinjiki chungu jikoni. Liko jambo moja linalohusu riziki na heshima ya msanii ambalo bado halijafahamika vyema, hata miongoni mwa watu waliosoma. Nalo ni hili: anayenunua picha au kinyago hununua kile kitu anachokibeba mkononi, wala hanunui haki ya kukitolea nakala. Haki hiyo, ambayo twaiita hakimiliki, hubaki kwa msanii mpaka yeye mwenyewe aamue kuitoa.

Wanunuzi wengi hushangaa waambiwapo hivyo. Huuliza, "Mimi nimekwisha lipa fedha, na picha iko ukutani kwangu, itakuwaje mtu mwingine aniwekee masharti juu ya mali yangu?" Swali hilo si la kipuuzi, na yafaa tulijibu kwa hoja badala ya kukemea. Jibu ni kwamba katika kila kazi ya sanaa zimo mali mbili. Ya kwanza ni ubao, rangi, jiwe au mti, yaani kitu kinachoshikika, kinachoweza kubebwa, kuibwa au kuungua. Ya pili ni ubunifu wa msanii, yaani ule mpango wa maumbo na rangi uliotoka katika fikra zake. Mali ya kwanza hukabidhiwa mnunuzi siku ya mauzo. Ya pili haihami kwa sababu tu ya kwanza imehama.

Fikra hii si ngeni kwetu kama inavyodhaniwa. Mwanafunzi anunuapo kitabu dukani, haoni kwamba amepata ruhusa ya kukipiga chapa na kukiuza. Mfano ulio karibu zaidi ni kanga. Kwa miaka mingi wanawake wa Afrika Mashariki wamevaa kanga zenye maneno "Mali ya Abdulla", alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa. Hakuna mwanamke aliyeyasoma maneno hayo akadhani kwamba nguo aliyojifunga si yake. Doti ni yake: ataivaa, ataikata, au atampa wifi yake kipande kimoja. Hata hivyo, aliyenunua doti hakununua alama ile. Ni kweli kwamba alama za biashara zina sheria zake, tofauti na hakimiliki; lakini funzo ni moja, kwamba kitu kimoja chaweza kubeba haki za watu wawili pasipo ugomvi.

Basi mnunuzi wa picha ana haki zipi? Anazo nyingi. Aweza kuitundika, kumwazima jirani, kuiuza tena au kuwarithisha wanawe. Asichoweza, bila ruhusa ya msanii, ni kuigeuza picha hiyo kuwa kalenda, kadi za salamu, fulana, jalada la kitabu au tangazo la biashara. Wala hapewi na risiti yake uwezo wa kulifuta jina la mchoraji na kuandika jingine.

Zamani hata nchi zilizoendelea kwa viwanda hazikulielewa jambo hili sawasawa. Nchini Marekani mchoraji Hovsep Pushman aliuza picha yake kwa Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1930 kwa dola 3,600. Mwaka 1940 chuo hicho kiliuza kwa kampuni ya uchapishaji haki ya kutoa nakala za picha hiyo. Pushman alikwenda mahakamani, na mwaka 1942 mahakama ya juu ya jimbo la New York ikamkatalia. Ilisema kwamba, maadamu aliuza picha bila kujiwekea haki ya nakala, haki hiyo ilikwenda pamoja na picha. Kwa maneno mengine, kimya cha msanii kilihesabiwa kuwa ni kutoa. Ilipofika mwaka 1966 jimbo hilo lilitunga sheria ya kugeuza kanuni hiyo, na Sheria ya Hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976, iliyoanza kutumika mwaka 1978, ikatamka wazi kwamba kumiliki kitu si kumiliki hakimiliki ya kitu hicho. Tangu hapo kimya hakihesabiwi tena kuwa ridhaa. Twauleta mfano huu kwa kuwa wanunuzi wetu wengi bado wanafikiri kama ilivyofikiri mahakama ile ya mwaka 1942.

Kwa upande wetu, Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ndiyo iliyounda COSOTA kwa Tanzania Bara. Ulinzi huanza kazi inapoundwa, nao hudumu katika uhai wote wa msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Mkataba wa Berne waongeza jambo la heshima: hata msanii akiisha kuuza haki zake za mapato, bado anayo haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi, na ya kupinga kazi hiyo isipotoshwe kwa namna ya kumvunjia hadhi.

Hapa wasomaji wetu wengine watauliza juu ya uchoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vibao vya mraba, akafariki mwaka 1972. Aliacha wanafunzi, nao wakafundisha wengine kwa njia ya kuiga. Je, hao nao ni wavunjaji wa haki? La, hasha. Yatupasa tutenge mtindo na kazi. Mtindo hauna mmiliki. Kila kijana ana ruhusa ya kuchora chui mwenye madoa au ndege mwenye shingo ndefu kwa rangi zinazong'aa. Kinacholindwa ni picha hii mahsusi, ya mchoraji huyu mahsusi. Tingatinga mwenyewe, hata kwa hesabu ya miaka 50, muda wake ulikwisha mwishoni mwa mwaka 2022. Lakini wachoraji walio hai, wanaoketi leo na brashi zao, bado wamo ndani ya ulinzi huo. Mwanafunzi anayeiga ili ajifunze huendeleza sanaa. Mfanyabiashara anayepiga picha ya ubao kwa simu, akaitoa nakala elfu na kuziuza, haongezi lolote katika sanaa, anavuna asipopanda.

Na hapa ndipo penye uzito wa suala lenyewe. Mchoraji anapouza picha moja, bei yake ni bei ya picha moja. Hakuihesabu kalenda wala fulana, kwa sababu hakuambiwa. Kama nakala elfu zikiuzwa naye asipate hata senti, basi kazi yake imegeuka kuwa mtaji wa mwingine. Taifa lililokwisha kukataa unyonyaji katika shamba na kiwanda haliwezi kuuhalalisha katika karakana ya mchoraji. Zaidi ya hayo, msanii asiyepata kitu kutokana na nakala hulazimika kuchora picha ile ile mara mia ili aishi, na muda wa kubuni jipya haupati. Hasara hiyo si yake peke yake. Ni yetu sote.

Hatusemi kwamba haki hii haiwezi kuuzwa. Msanii aweza kuitoa yote au sehemu yake, kwa muda fulani na kwa matumizi fulani. Lakini makubaliano hayo yawe ya maandishi, na malipo yake yatajwe mbali na bei ya picha. Mnunuzi mwema atauliza mapema. Msanii naye asione haya kuandika katika risiti kwamba amebakiza haki ya nakala, ingawa haki hiyo ni yake hata asipoandika.

Shule zina nafasi kubwa katika jambo hili. Sheria huruhusu matumizi ya kufundishia kwa kiasi, ili mradi chanzo na jina la msanii vitajwe. Lakini shule inayotaka kuchapisha kalenda ya kuuza, au kuweka picha ya mchoraji katika jalada la jarida lake, haina budi kumwendea mchoraji huyo na kumwomba ruhusa. Mwalimu akifanya hivyo mbele ya wanafunzi wake, atakuwa amewafundisha somo la uraia na la sanaa kwa pamoja: kwamba jasho la fikra nalo ni jasho, na lina mwenyewe.