Ugeni na Uvamizi katika Istilahi za Mazingira

Istilahi "spishi vamizi" imekwisha kuenea katika vitabu vya shule, matangazo ya kilimo na nyaraka za serikali. Hatuna ugomvi na neno lenyewe. Tunalohakiki ni matumizi yake kwa dhana mbili zilizo mbalimbali: kiumbe kilicholetwa na binadamu mahali ambapo hakikuwapo kwa asili, na kiumbe cha namna hiyo kilichoenea hata kikaleta madhara.

Mahindi na muhogo vilitoka bara la Amerika. Ni mimea migeni, lakini hapana mkulima atakayekubali iitwe ya uvamizi. Taarifa ya IPBES ya mwaka 2023 yahesabu spishi ngeni zaidi ya 37,000 zilizokwisha kujikita mahali papya duniani. Zilizothibitika kuwa vamizi ni zaidi ya 3,500. Mfasiri anayetumia "vamizi" kwa zote humzidishia msomaji maadui karibu mara kumi, na huenda msomaji huyo ndiye afisa atakayeamua kipi king'olewe na kipi kiachwe.

Kasoro ya namna nyingine imo katika "gugu maji", jina la mmea wa Amerika ya Kusini ulioonekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Madhara yake yajulikana: mitumbwi hunaswa, maji yaliyofunikwa hupungukiwa na hewa, na konokono wa kichocho hupata maficho. Walakini jina halisemi lolote ila kwamba ni gugu na lamea majini. Tangazo la "kung'oa magugu maji" laweza kudhaniwa kuwa lahusu matete na mafunjo pia, mimea ya asili ambamo samaki huzaliana. Jina limekwisha kuota mizizi kama mmea wenyewe, wala hatudai lifutwe. Mwandishi wa tangazo na ataje maua yake ya zambarau na vikonyo vyake vilivyovimba.

"Gugu karoti" ni afadhali sana: majani yake yafanana na ya karoti, na mkulima hulitambua kabla halijamwasha ngozi. "Viwavijeshi vamizi" nalo lafaa, kwani lamtenga mdudu aliyeripotiwa Afrika mwaka 2016, ambaye hujificha katika moyo wa mhindi, na viwavijeshi wetu wa zamani wanaokwenda makundi kwa makundi.

Limebaki la sarufi. "Spishi vamizi" ni sahihi, kama tusemavyo "nchi chokozi". Lakini twasema "watu wachokozi". Basi "mimea vamizi" na "viumbe vamizi" yamenakili umbo la spishi bila kuangalia ngeli. Twaonelea iwe "mimea mivamizi" na "viumbe vivamizi". Na hata viwavijeshi tuliowasifu hapo juu hawana budi kuwa wavamizi. Walimu waliokwisha kusahihisha hivyo katika madaftari ya wanafunzi wasirudi nyuma.