Jina la Mke Baada ya Ndoa

Utenzi wa Mwana Kupona unapotajwa darasani, wanafunzi hukumbuka kwanza utii wa mke kwa mumewe. Hawakosei: ndio wosia ambao mama alimwachia bintiye. Lakini wahakiki wetu wengi hulipita jina la mtunzi bila ya kulitafakari. Utenzi huo ulitungwa mwaka 1858, baada ya kufariki mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siu aliyempinga Seyyid Said. Jina la mume lilikuwa kubwa; hata hivyo mjane wake tunamjua kama Mwana Kupona binti Msham. Alihimiza utii, wala hakuacha kuwa binti wa babaye.

Siti binti Saad naye aliolewa. Jina la Siti alilipata ukubwani. Lakini alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo, na hata Shaaban Robert alipoandika wasifu wake, jina la Saad lilibaki pale pale.

Basi wanaodai kwamba mke asiyechukua jina la mumewe anavunja mila, wanasema mila ya nani? Desturi hiyo tuliipokea kwa Waingereza, na kwao wenyewe ni mazoea tu, si amri ya sheria. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 haimlazimishi mke kubadili jina. Na kifungu chake cha 56 kinampa haki ya kumiliki mali sawa na mwanamume. Itakuwa ajabu mtu amiliki shamba, asimiliki jina lake.

Sisemi kwamba anayependa jina la mumewe azuiwe. Na atumie, kwa hiari yake na kwa hati iliyosajiliwa, ili vyeti vyake visije vikapingana siku ya kudai kiinua mgongo. Ninalolipinga ni kumbadilishia mtu jina bila ya kumwuliza.

Kosa hilo nimelitenda mimi mwenyewe. Zamani nilijaza fomu ya ofisi, nikamwandika mke wangu kwa jina la ukoo wangu. Aliposoma aliniuliza: "Baba yangu umempeleka wapi?" Sikuwa na jibu. Nilifuta, nikaandika upya.

Ndugu walimu, mnapoufundisha utenzi ule, anzeni na jina la mtunzi.