Kazimoto na Maswali Tisa

Kwa nusu karne sasa uhakiki wa Kiswahili umemsoma Kazimoto kama mwanafalsafa. Tangu Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi ilipochapishwa mwaka 1974, istilahi ni zile zile: udhanaishi, upweke, ubwege. Mwanafunzi huandika kwamba Kazimoto anajiua kwa kuwa ameona maisha hayana maana, nasi walimu humpa alama zake. Usomaji huo una msingi. Kezilahabi aliichukua falsafa kwa dhati, na tasnifu yake ya uzamivu aliiandikia Madison, Wisconsin, jimbo linalopakana na hili la Minnesota. Lakini unaficha jambo: akiugua mtu wa riwayani twamwita mwanafalsafa, akiugua jirani twanong'ona kuwa ana wazimu.

Hapa Saint Paul suala hilo si la darasani tu. Mji huu ndio makao makuu ya Center for Victims of Torture, kituo kilichoanzishwa mwaka 1985, ambacho pia kimewahudumia wakimbizi Nairobi na Dadaab. Katika kliniki nyingi za Marekani, mgonjwa hupewa dodoso liitwalo PHQ-9: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu likipewa alama kuanzia 0 hadi 3. Usingizi ukoje? Hamu ya kula je? Swali la mwisho linahusu fikra za kutamani kufa au kujidhuru.

Nalisoma dodoso hilo kama mhakiki, na naona linapokwama. Mama kutoka Uvira au Kisumu hasemi ana sonona, wala unyogovu, maneno yanayojulikana zaidi na wenye kamusi. Husema, “Nina mawazo.” Mkalimani asiye makini hulitafsiri hilo kuwa mtu anafikiri, na daktari husubiri aambiwe anafikiri nini. Kumbe ameshaambiwa. Na swali la tisa hujibiwa “hapana” upesi na mtu aliyekulia mahali ambapo kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Nchini Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilitangazwa na Mahakama Kuu kuwa kinyume cha katiba Januari 2025 tu. Hofu iliyolelewa na sheria haiondoki siku ya hukumu.

Riwaya inaona mbali kuliko wiki mbili. Kazimoto anajisimulia mwenyewe, na kabla ya mwisho wake tumepitia dada aliyeharibiwa na rafiki wa utotoni, misiba ya nyumbani, mtoto aliyezaliwa na kichwa kikubwa. Mambo haya wahakiki huyapita haraka ili wafike kwenye falsafa. Mimi nadhani ndiyo kiini. Kazimoto hubishana na watu kuhusu Mungu waziwazi, tena kwa ufasaha, na ufasaha huo ndio unaowadanganya wanaomsikiliza: msomi anayejadili maana ya maisha hadhaniwi kuhitaji msaada. (Wasomi wenzangu wa ughaibuni tunaufahamu ujanja huu kuliko tunavyokiri.) Msomaji pekee ndiye anayepewa uchungu wote, naye hana namna ya kumfikia.

Sisemi tumpe Kazimoto jina la ugonjwa tukafunga kitabu; hilo lingekuwa dodoso jingine. Nasema uchungu wake usomwe kwanza kama uchungu. Kwa msomaji wa huku, usomaji huo una upande wa vitendo. Tangu Julai 2022, namba 988 hupigwa popote Marekani na mtu aliyezidiwa, au na anayemhofia mwenzake. Kliniki inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika, kwa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, kumpatia mgonjwa mkalimani bila malipo, hivyo hakuna sababu ya kijana wa miaka 12 kuketi katikati ya mama yake na daktari. Na mkalimani akisikia “nina mawazo” aseme kwamba mama huyu anaeleza mzigo, kisha amwulize ameubeba tangu lini.