Amri ya Herufi Mbili

Mwanafunzi anachomeka ubao wa Arduino kwenye kompyuta ya Ubuntu, anajaribu kuupelekea programu yake ya kwanza, anakataliwa: hana ruhusa. Anaelekezwa ajiingize katika kundi liitwalo dialout, linaloruhusiwa kutumia milango ya kompyuta inayounganisha vifaa kama ubao huo. Anajiingiza. Anaandika amri ya id, inayoonyesha makundi ya mtumiaji; kundi halionekani. Anaandika id akifuatisha jina lake mwenyewe, na kundi hilo hapo!

Kompyuta haijachanganyikiwa. Imeulizwa maswali mawili, na yote mawili imeyajibu kwa ukweli.

Swali lenye jina huenda kwenye daftari. Katika Linux daftari hilo ni faili la maandishi ya kawaida, /etc/group, lenye mistari kama dialout:x:20:mwanafunzi: jina la kundi, nafasi ya nywila, namba, kisha wanachama. Anayelisoma hilo peke yake hudanganyika, kwa kuwa kundi la msingi la kila mtumiaji limeandikwa kwingine, katika /etc/passwd. Amri ya id hupekua kote kuwili. Ofisi ikiwa imehifadhi majina kwenye seva ya mbali, faili la nsswitch.conf huelekeza msako hadi huko, na muulizaji hapati taabu yoyote.

Swali lisilo na jina huenda kwenye kiini cha mfumo: anayeuliza sasa hivi amebeba namba zipi? Namba hizo mtu hukabidhiwa anapoingia, na kila programu anayoifungua huzirithi, kama watoto wanavyorithi jina la ukoo. Daftari huja baadaye, kuigeuza 20 kuwa dialout. Uamuzi huu wa kumbebesha mtu namba zake ni wa busara hasa: lau kiini kingerudi daftarini kila faili linapofunguliwa, seva moja iliyolala ingesimamisha kazi ya watu wote.

Mzigo huo wa namba haukuwa mkubwa hivi tangu mwanzo. Katika Unix ya awali ya Bell Labs mtu alikuwa na kundi moja kwa wakati mmoja, akihama kwa amri ya newgrp. Mwaka 1983, 4.2BSD ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ikamwezesha kubeba makundi kadhaa. Linux ilikomea 32 hadi mwaka 2004, toleo la 2.6.4 lilipopandisha kikomo hadi 65,536.

Mwanafunzi anatoka, anaingia upya, anaandika id. Safari hii 20(dialout) imo kwenye mstari. Anaituma tena programu yake, na kitaa kidogo cha ubao kinaanza kuwaka na kuzima.