Sambusa za Shaabani

Shaabani ikifika katikati, jikoni nyingi za Unguja, Tanga na Mombasa huanza kupikwa chakula ambacho hakuna atakayekila mwezi huo. Nyama ya kusaga hukaushwa kwa makilo, manda huchomwa, sambusa hukunjwa na kupangwa sinia kwa sinia, ila karai la mafuta haliinjikwi. Zinaingia kwenye friza hivyohivyo zilivyo nyeupe, zikingoja Ramadhani. Mpishi hodari wa kazi hii namstahi kuliko yule wa biriani, kwa sababu anafanya jambo gumu kwa mpishi yeyote: anajizuia. Kila kitu anakifikisha hatua fulani, kisha anaondoa mkono, na ufundi wake wote umo katika kujua pa kuachia.

Manda ndiyo inayoonyesha nani fundi. Ni unga wa ngano, chumvi, maji na mafuta kidogo, vikikandwa mpaka donge liwe laini lakini gumu kushinda la chapati. Hufunikwa likapumzika, likakatwa vidonge vya ukubwa mmoja, na kila kidonge kikasukumwa kuwa kiduara kidogo. Kisha viduara hupandanishwa: kimoja, mafuta, unga wa kunyunyiza, kingine juu yake, mafuta, unga, hadi vinne, au hata sita kwa mwenye mkono wake. Rundo zima sasa linasukumwa kwa pamoja. Hapa nimewaona wapishi wazuri wakishindwa, maana tabaka za kati hazionekani. Anayekandamiza katikati anazitoboa bila kujua, na atajua baadaye, kwenye moto. Fundi husukuma akitoka kati kwenda pembeni, analizungusha rundo kidogo, anasukuma tena, na anapofika ukingoni mkono wake unakuwa mwepesi.

Chuma hakipakwi mafuta na moto wake ni wa wastani. Sekunde chache upande huu, geuza, sekunde chache upande wa pili. Mvuke ukishapenya kati ya tabaka na kuanza kuzinyanyua, rundo huondolewa, na papo hapo hubanduliwa, moja baada ya moja, likiwa bado linaunguza vidole. Manda iliyokubali ni nyeupe, haina hata doa la kahawia, imekaza kiasi cha kutoshikana na mwenzake basi. Ikikaa motoni zaidi kidogo, itavunjika wakati wa kukunja. Ikitolewa mapema, itagandana na zile nyingine na kurudi kuwa donge. Zilizobanduliwa huwekwa chini ya kitambaa chenye unyevu, si kilicholowa, na vipande vya kingo vinavyobaki baada ya kukata hukaangwa kwa ajili ya watoto wanaozungukazunguka mlangoni.

Siku hizi manda zinauzwa zimeshakatwa, na Waswahili wanaoishi Uingereza hutumia zile karatasi za unga za Kichina zinazokuja zimegandishwa. Siwalaumu hata kidogo. Ila manda ya dukani mara nyingi imeshakauka kingo, na ukingo mkavu ndio unaopasuka.

Nyama nayo ina sheria moja, na sheria hiyo ni maji. Hutiwa thomu, tangawizi mbichi, ndimu, chumvi na pilipili, ikakorogwa motoni bila kuachwa ishikane mabonge, mpaka maji yake yote yaondoke na sauti ya sufuria ibadilike. Bizari nyembamba na pilipili manga hufuata. Nyama yenye shahamu nyingi haifai, kwa kuwa mafuta yake huganda na baadaye huvujia kwenye manda. Kitunguu maji, kilichokatwa kidogokidogo, hunyunyiziwa chumvi na kukamuliwa, na hakiingii mpaka sufuria iepuliwe na nyama ianze kupoa, pamoja na kotmiri. Kwa hiyo kitunguu kinaingia kibichi. Kitamalizia kuiva ndani ya sambusa, wiki tatu baadaye, kwenye mafuta ya moto, na ndiyo maana unapoing'ata unakikuta bado kina ukakasi. Mpishi aliyekikaanga kitunguu mwanzoni amekipika mara mbili, na akikigandisha katikati kinatoka kama uji.

Chakula chenyewe ni cha zamani. Ibn Battuta alipita pwani yetu mwaka 1331, akafika Mombasa na Kilwa, na hakuandika kwamba alikaribishwa sambusa. Ni India, miaka michache baadaye, alikozieleza: nyama ya kusagwa na lozi na vitunguu na viungo, ikifungwa katika mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Lozi zimetutoka, lakini ule mkate mwembamba tunao bado.

Kukunja ni kazi ya kukaa mkekani, watu watatu wanne, na kuzungumza. Kipande cha manda hugeuzwa kikawa kama kile kifuko cha karanga cha muuza karanga, kikatiwa nyama, kikafunikwa na kubandikwa kwa gundi ya unga na maji. Hapa wakubwa hawasamehe. "Mbona unaishindilia hivyo, mwanangu?" na sambusa inarudishwa kwa mwenyewe aipunguze. Hawana choyo cha nyama. Sambusa iliyoshindiliwa imevutwa ngozi, na iliyovutwa ngozi haina nafasi. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na hata nyama iliyokaushwa ina maji yake. Pembe tatu pia huangaliwa moja moja, kwa kuwa tundu la sindano tu linatosha kuingiza mafuta.

Kwenye friza hazirundikwi. Hupangwa juu ya sinia zisigusane, zigande kila moja peke yake mpaka ziwe ngumu za kugongana, ndipo zihamishiwe kwenye kopo. Baridi ikifika haraka, chembe za barafu hubaki ndogo. Ikifika polepole, chembe hukua na kuchana nyama na kitunguu kwa ndani. Mmarekani Clarence Birdseye, aliyekwenda Labrador mwaka 1912, alijifunza jambo hili kwa Wainuiti, ambao samaki wao waliganda papo hapo kwenye upepo wa baridi kali na kubaki na ladha ya samaki mbichi, na kwa elimu hiyo akaanzisha biashara. Friza zetu za nyumbani, hata zikifika nyuzi 18 chini ya sifuri, hazina kasi hiyo. Nafasi kati ya sambusa na sambusa ndiyo kasi tuliyo nayo. Na tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na Tanzania Bara mwaka 2019, kopo tupu la aiskrimu limepanda cheo kiasi kwamba ukiliazima, utaulizwa.

Wapo wanaodharau chakula cha friza, wakisema ni kiporo kilichovaa nguo mpya. Sikubali. Kiporo ni chakula kilichokwisha kupikwa kikabaki. Hiki hakijamalizika, na kimeachwa makusudi. Kababu na katlesi hukubali kuachwa hivyo, maharage na choroko zilizochemshwa pia. Kaimati haikubali kabisa. Mchuzi wenye viazi hutoka na viazi vyenye maji na vilivyolegea, na tui hukatika, ingawa mwenye subira hulirudisha kwa kulikoroga kwenye moto mdogo.

Umeme ni mtihani mwingine. Watu wa Unguja hawajasahau kipindi cha Desemba 2009 hadi Machi 2010, njia ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka bara ilipopata hitilafu na kisiwa kikakaa gizani, wala kile cha Mei na Juni 2008. Kwa katizo la kawaida, friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushika baridi kwa takriban saa 48. Iliyojaa nusu, kama 24. Ndiyo sababu mwenye friza yenye nafasi hujazia chupa za maji. Sambusa zikiyeyuka hazirudishwi kuganda. Hukaangwa zote siku hiyo, na majirani hufuturu vizuri.

Siku yenyewe, nusu saa kabla ya Magharibi, kilichobaki ni karai. Sambusa haziyeyushwi kwanza: zikiachwa mezani hutoa jasho, manda ikalowa na kuchanika. Hukung'utwa barafu iliyozishika, maana barafu ndiyo inayorusha mafuta, zikaingia chache chache katika moto wa wastani, kwa kuwa ukizijaza mafuta yanapoa na manda inayanywa. Moto mkali huzipaka rangi upesi ilhali ndani bado baridi. Zikitoka husimamishwa kwenye chujio, ncha juu, na huachwa wazi hadi adhana. Anayezifunika kwa foili ili zisipoe anafungia mvuke, na maji aliyoyafukuza tangu Shaabani anayarudisha mwenyewe.